Vibanda Tisa vya Njano

Jumatatu, 3 Machi

Kibanda 41. Miaka sita nyuma ya nguzo! Leo mke wangu amejichoma sindano mara tatu kabla ya saa nne. Akanyonya kidole, akaendelea kushona. Angelalamika, ningejitetea. Macho yake hayana shida, daktari kathibitisha. Shida ni giza.

Soko letu lina vibanda sitini. Vyenye mwanga ni tisa tu, vile vilivyo chini ya mabati ya plastiki. Nimevihesabu mwenyewe, maana humu anayejua kuhesabu ni mimi. Mwenye laptopu pia ni mimi. Nimeinunua kwa kuuza zipu na vifungo, hakuna aliyenichangia. Ndiyo maana nikawa katibu wa soko.

Ijumaa tunapiga kura ya kugawana vibanda upya, kwa kuokota vikaratasi. Kibanda kibovu hakiingii kwenye kura. Basi! Kwenye jedwali la kompyuta nitavipaka njano vile tisa, niandike pembeni kwamba njano maana yake kinavuja. Kisha kimoja nitajitwisha mwenyewe, kwa moyo wa kujitolea. Nani atagombea kibanda kinachovuja?

Jumanne, 4 Machi

Visanduku tisa vimetawanyika kwenye jedwali kama vifungo vilivyomwagika. Nimeburuta kipanya kutoka cha kwanza hadi cha mwisho: vibanda arobaini vikawa njano. Soko zima linavuja! Nikafuta. Nikabofya kimoja kimoja. Nikigusa cha pili, cha kwanza kinaniponyoka.

Mke wangu kauliza kwa nini nisipake kimoja, nikamaliza, nikaenda kingine. Nikamwambia huo ni ushamba.

Jirani yetu Mama Mabeseni, anayepigwa na jua kutwa na ambaye bidhaa zake hazijui mpaka wa mtu, alichungulia akaniuliza hiyo mashine naitumia au naifuga. Kicheko chake kilisikika hadi getini.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwendea dada wa fotokopi, kwa siri. Kasema nishikilie kitufe cha Ctrl, kile cha chini kushoto, ndipo nibofye ninavyovitaka, nisikiachie mpaka nimalize. Nikauliza, nimalize nini? Kasema, "Kaka, ukimaliza si utajua mwenyewe?"

Kwenye kisanduku cha tano kidole kikafa ganzi. Nikachukua mkasi wa mke wangu, ule mzito wa kukatia suti, nikaulaza juu ya kitufe. Akili hiyo! Vyote tisa vikashikwa. Nikavipaka njano. Cha mwisho kubofya kilikuwa 23, kizuri kuliko vyote, changu. Nikaanza kuandika KATIBU. Herufi haitoki! Kikafunguka kidirisha nisichokijua. Nikakifunga, nikatoa mkasi, nikaandika, likakaa vizuri. Hapo nikakumbuka: nisikiachie mpaka nimalize. Nikarudisha mkasi, nikabonyeza Enter.

Mke wangu akaja juu, mteja anasubiri, mkasi wake uko wapi? Nikahifadhi haraka, nikatuma kwa dada wa fotokopi achapishe tangazo, bila kuangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo limebandikwa saa mbili. Saa mbili na robo, kicheko. KATIBU. KATIBU. KATIBU. Mara tisa! Kila kisanduku cha njano! Kumbe Enter ikibonyezwa pamoja na Ctrl, hujaza vyote vilivyoshikwa.

Mama Mabeseni alisoma moja baada ya jingine kama anaita mahudhurio, na kila mara akajibu mwenyewe, "Yupo!" Mwenyekiti, muuza viatu anayetisha kwa upole wake, alinivuta pembeni akauliza nina makalio mangapi. Nikasema nimejitolea kubeba vibovu vyote kwa ajili ya wenzangu. Akanishukuru sana. Kisha akamwita fundi wa paa. Ndoo nne za maji zikamwagwa juu ya mabati. Hata tone!

Adhabu: vyote tisa vinarudi kwenye kura. Mimi siokoti kikaratasi, napewa kitakachobaki. Na mwezi mzima nafagia mbele ya vile tisa kila asubuhi. Nimepima: hatua mia tatu na kumi na mbili, kwa sababu vimetawanyika. Vingekuwa mstari mmoja, ningetembea thelathini.

Mke wangu aliuliza tu, kwa hiyo mwanga hatuna? Nikaenda kutafuta ufagio.

Ijumaa, 7 Machi

Kilichobaki: 58. Nguzo mbili mbele, mlango wa choo kulia. Na nani kaokota 23? Mama Mabeseni!

Mke wangu akaondoka bila kuaga. Nikadhani kanikimbia. Karudi na ufunguo wa 23.

Kumbe Mama Mabeseni alikuwa ananung'unika. Jua linapausha plastiki, mabeseni mekundu yanageuka rangi ya ufizi. Kivuli anakitafuta tangu mwaka juzi, na mlangoni kwa choo kila mtu lazima apite. Mke wangu kamwomba, wakabadilishana, mwenyekiti akasaini. Eti mama yule alishangaa kwa nini hatukusema siku zote hizi.

Jumamosi, 8 Machi

Magauni mawili tangu asubuhi, hajajichoma hata mara moja. Anaimba. Nilisimama na ufagio nikimtazama, nikasahau nimefikia kibanda cha ngapi.

Nimepiga hesabu. Bila mpango wangu, tusingepewa 58. Bila 58, tusingekuwa na kivuli cha kumpa Mama Mabeseni. Kwa hiyo mwanga nimeuleta mimi. Nimemweleza mke wangu hatua kwa hatua. Kauliza kama nimemaliza kufagia.

Juni tunachagua mwenyekiti. Wapiga kura wote nimeshawapanga kwenye jedwali jipya. Wanaoniunga mkono nitawashika wote kwa mpigo mmoja, popote walipotawanyika, niwapake kijani. Hadi sasa kijani ni kisanduku kimoja, changu. Mke wangu kasema atafikiria.