Uzinduzi wa Nne wa Mfuko wa Kitambaa

Mgeni wa heshima, ambaye ni mimi mwenyewe. Msaidizi wangu Bwana Musili. Wazee wa mitaa, viongozi wa makanisa, mastekiholda, yaani wadau, wa mitaa ya Satellite na Jamhuri, wanaobeba na wanaobebewa, itifaki zote zimezingatiwa. (Makofi.)

Kosa wanalofanya wengi wenu ni moja. Jikoni, nyuma ya mlango, umetundika mfuko uliojaa mifuko, na bado ukienda sokoni unanunua mwingine. Siwalaumu, kwangu iko mitatu ya namna hiyo. (Kicheko.) Ndiyo maana ofisi yangu, baada ya wakishopu saba za hotelini Naivasha, imetayarisha fremuweki ya kimkakati ya mfuko wa kitambaa, ambao hufuliwa, huanikwa, hubeba viazi kilo kumi, na ambao, kwa mujibu wa utafiti wangu mwenyewe, umepunguza taka kwa asilimia mia moja na nne. Msishangae hesabu. Hizo nne ni za mwaka ujao. (Makofi, safu ya mbele.)

Namwona Mama Nanyama amesimama. Kwa wasiomjua, yeye ni mwenyekiti wa mafundi cherehani kumi na mmoja wa Satellite ambao, kwa kuniamini, walikataa oda ya sare za shule mwezi Januari wakisubiri karakana ya kushonea mifuko niliyowaahidi. Sema, mama.

("Mheshimiwa, sare zilienda kwa wengine. Mashine zetu zimekaa tu. Sisi tunauliza, hiyo karakana iko wapi, kesho tuingie kazi?")

Swali zuri sana. Karakana, mama, iko katika hatua ya juu ya utekelezaji, yaani wazo limekamilika, na kilichobaki ni kiwanja, kuta, paa na stima. (Sauti ya nyuma: "Na mlango je, bosi?") Mlango uko awamu ya pili. (Kicheko. Mama Nanyama hacheki.)

Basi semeni nami: Kitambaa kwanza! Fua, anika, beba! (Minong'ono.)

Kwa kumalizia, nawashukuru mafundi hawa, walioshona kwa vitambaa vyao wenyewe mifuko sitini mliyopewa mlangoni, ile ile tuliyozindulia Kileleshwa, Kawangware na Dagoretti, na ambayo, kwa uwazi wa serikali, ndiyo mradi wote. Saa nane tunazindua Riruta, kwa hiyo kila mtu atoe vitu vyake, amrudishie Bwana Musili mfuko.

Mama Nanyama, wewe baki kidogo. Mifuko mitatu imekatika mikanda. Ishone leo.