Mbwa Wangu, Wifi Yangu na Daktari wa Masasi

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nawaandikia nikiwa nimekaa chini sebuleni kwangu, Mkunya. Kitenge kina damu (si yangu) na heshima yangu yote imebaki Masasi.

Asubuhi nimefungua mlango, mbwa wangu hayupo kizingitini. Anaitwa Watasema. (Nilimpa jina hilo majirani walipoanza kuulizana mwalimu mzima anafuga mbwa wa nini.) Nimemkuta chini ya mkorosho, tumbo limevimba, anatapika povu. Nikamwita. Mkia ukagonga chini mara moja tu, basi. Watoto wangu walishahama, mume wangu yuko Tandahimba kwa mambo ya korosho. Kutwa nzima ninayeongea naye ni huyo mbwa.

Nikampigia afisa mifugo wa kata. "Mkimbize Masasi, kuna daktari bingwa wa upasuaji wa wanyama. Na usimpe maziwa, Mwalimu! Usimpe chochote!"

(Kikombe cha maziwa kilikuwa mkononi.)

Bodaboda wa kwanza kakataa. Wa pili kaniambia, "Mwalimu, nikimpakia mbwa leo, kesho nani atakalia hiyo siti?" Nimesimama barabarani, mbwa miguuni, nalia kama mtoto aliyepotea sokoni, mara naona kirikuu nyeupe, kile kigari cha mizigo, inakuja na magunia ya makopa ya muhogo. Nikatamani ardhi inimeze. Ilikuwa ya wifi yangu, Mama Shadia.

Niwaeleze. Mimi na wifi hatusemezani, hii wiki ya tatu. Marehemu bibi aliniachia ndonya yake ya usichana, kile kipande cha mpingo walichovaa bibi zetu kwenye mdomo wa juu. Ni ndogo tu, kama kifuniko cha soda, ila nene. Niliianika dirishani, ikapotea. Siku hiyohiyo wifi alikuwa amepita kwangu, na wifi huwauzia vinyago wafanyabiashara wa Masasi. Nikajumlisha. (Nafundisha hesabu.) Kwenye kikao cha ukoo nikasimama mbele ya wazee: "Ndonya ya bibi imeuzwa, na aliyeiuza yumo humu ndani." Wote wakamgeukia. Wifi alilia siku ile. Mimi sikulia.

Basi kirikuu ikasimama. Hakuna cha salamu.

"Amekula nini?"

"Sijui, wifi."

"Sogea."

Akavua kanga yake ya juu, akamviringisha Watasema, akamnyanyua kama mtoto mchanga, akanipandisha mbele, akaniwekea mapajani. Kisha akashusha magunia yote akayaacha dukani kwa mtu, eti gari liwe jepesi. Wateja wake wanamsubiri! Tukaushuka ule mteremko hadi Masasi. Kila nikifungua mdomo, yeye anabadilisha gia.

Kliniki tumepokewa na binti mwembamba, umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuitie daktari, haraka."

"Ndiye mimi, mama."

(Aibu ya kwanza. Hesabuni wenyewe.)

Huyo binti nisikilizeni. Alimgusa Watasema ufizi, akabonyeza tumbo, akamchoma dripu mguuni kabla sijamaliza kusema jina la mgonjwa. Akamnyoa tumbo, akampaka mafuta fulani ya baridi, akaleta mashine ileile wanayopimiwa wajawazito. Naapa sikujua mbwa anapimwa hivyo! Kwenye kioo nikaona ndani ya mbwa wangu. Ndani kabisa, vitu vinacheza kama maji yanayochemka. Nikafumbata mikono kama niko kanisani.

"Kuna kitu kigumu, cha mviringo, kimeziba utumbo," daktari akasema. "Nafungua sasa hivi. Inaweza kuwa nini?"

Hapo ndipo ningefunga mdomo. Sikufunga.

"Kokwa la embe, daktari! Watoto wa huyu hapa ndio hutupa makokwa uani kwangu!"

Nikamnyooshea kidole wifi. Mtu aliyeacha magunia yake dukani kwa watu kwa ajili yangu. Mlango uko wazi, na chumba cha kusubiri kilijaa: mama mwenye mbuzi, mzee mwenye jogoo kapuni, na wengineo. Wote wakamtazama wifi. Yeye akatazama chini.

Upasuaji tumeuona kupitia dirisha la kioo. Nitakufa nalo lile. Vidole vya yule binti vilikwenda taratibu, bila papara, huku mashine ikihesabu moyo wa Watasema, tii, tii, tii. Utumbo ulitoka wa zambarau, umekufa kabisa machoni pangu. Nikasema mbwa wangu ndiyo basi. Binti akachana kidogo, akatoa kitu, akashona, akasubiri. Na utumbo ule, jamani, ukaanza kurudiwa na rangi. Zambarau ikafifia, wekundu ukaja, taratibu, taratibu, mpaka ukawa wa mbwa mwenye afya. Wifi akanishika mkono bila kujijua. "Nnungu wangu," akanong'ona, kumwita Mungu kwa kilugha. Nimeishi miaka hamsini na mbili na sijawahi kuona uhai ukirudi namna ile. Nusura nimpe shikamoo yule mtoto.

Daktari akatoka na kisahani. Alikuwa amekiosha kile kitu, kinang'aa.

"Mama, si kokwa. Kina nakshi pembeni. Mnakijua?"

Nikatazama dari. Mzee wa jogoo akajibu. "Hiyo si ndonya? Mama yangu alikuwa nayo!"

Wote wakasogea kukitazama kisahani. Hata jogoo.

Wifi akainama, akaitazama. Akaninyanyulia macho.

"Wifi. Kumbe mteja wangu alikuwa mbwa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Daktari, kwa nia njema kabisa, akazidi kunizika. "Imekaa tumboni wiki kadhaa, leo imesogea ikaziba njia. Ilikuwa na harufu ya chakula?"

Ikabidi niseme, mbele ya watu. Mpingo hupakwa mafuta ya nyonyo usipasuke. Bibi alifanya hivyo maisha yake yote. Mimi nyonyo yaliniishia. Nikatumia mafuta niliyokaangia samaki. (Ndiyo. Urithi wa ukoo niliukaangia mbwa.)

Nikapiga magoti pale pale.

"Inuka," wifi akasema, sauti ya chini. "Ulinisema wazee wamekaa. Utaniomba radhi wazee wamekaa. Jumapili."

"Nitakuja, wifi."

"Na hayo ya samaki uyaseme."

Hawana chumba cha kulaza wanyama bado, kwa hiyo tumerudi naye, na daktari anapiga simu kila saa kuulizia mgonjwa. Tulipofika kwangu, wifi akasimama uani ameinyoosha mikono mbele, kama aliyeshika unga.

"Wifi, naomba maji. Na udongo kidogo."

Ndipo nikakumbuka ni mtu wa swala tano. Mate ya mbwa kwake ni kunawa mara saba, moja kwa udongo, na alikuwa nayo mikononi tangu asubuhi bila kusema neno. Nikachota kata kwenye pipa letu, maji ya kununua, nikammiminia mwenyewe. Mara saba. Sikumwaga tone pembeni. Ya tatu machozi yakanitoka, akajifanya hajaona.

Sasa Watasema amelala mapajani mwangu, anakoroma, nyuzi kumi na moja tumboni. Daktari amekataza asirukeruke, na huyu akisikia watu wanacheka huamka kwenda kuwaona. Kwa hiyo wenye kucheka, nawaomba, mchekee ndani.