Msalaba wa Babu Alwin

Jumapili, 6 Oktoba

Keki ya plamu kwa Bi. Roswitha Lindig, jirani yangu wa chini, mjane. Kama kila Jumapili. Chenga za siagi na sukari juu, krimu pembeni. Nikala vipande vitatu na kujisikia mtu.

Halafu akaleta kiboksi. Ndani: Msalaba wa Chuma, ile nishani ya ushujaa ya jeshi la Ujerumani, daraja la kwanza, wa vita vya kwanza vya dunia! Ulikuwa wa babu yake Alwin, aliyemlea. Picha yake imetundikwa juu ya sofa: kofia ya ubaharia, masharubu, hacheki hata kidogo. Alivishwa msalaba huo kwa kuwatoa wenzake kwenye chumba cha injini kilichokuwa kikiwaka moto. Bi. Roswitha husimulia kisa hicho kila Krismasi, na kila Krismasi hulia.

Akauliza kama aupake ile dawa ya kung'arishia vijiko, maana umeingia weusi. Nusura nizimie! Weusi ule ndio uzee wake, ukiufuta umeua kitu. Nikatoa lenzi yangu. Fremu ya fedha. Mshono pembeni unaonekana, yaani vipande vimeungwa kwa mkono. Feki humiminwa kipande kimoja. Huu halisi kabisa.

Nikakumbuka maonyesho. Jumamosi ya tarehe 19 chama chetu cha wakusanyaji nishani kinaonyesha vitu vyake ukumbini, mji mzima wa Zeitz unaalikwa, na mwenye kitu bora anakuwa mkaguzi mkuu. Sasa hivi mkaguzi mkuu ni Detlef Kühnast. Miaka yote yeye ndiye anayetamka ipi halisi, ipi feki, na kila mwaka huniumbua mbele za watu.

Ndipo mdomo wangu ukasema, wenyewe tu, kwamba pole sana Bi. Roswitha, huu ni feki.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mpango ulikuwa rahisi. Angeudharau, mimi ningejitolea kumwondolea. Umefanya kazi kupita kiasi! Amepanda ngazi asubuhi na kiboksi, macho mekundu. Akaniambia niuchukue, hataki kuuona. Akasema kama msalaba ni wa uongo basi na moto ulikuwa wa uongo, na wale watu chumbani walikuwa wa uongo, na yeye ameishi na mwongo tangu utotoni akimbusu kila usiku.

Nikasema labda babu aliupoteza wa kwanza. Akanijibu nisimpambe mzee. "Wewe ndiye mjuzi, Bwana Eckhard. Ukisema feki, ni feki."

Nimeshuka baadaye kurudisha sahani. Juu ya sofa kuna mstatili mweupe ukutani. Picha ameitoa.

Sikukusudia hilo. Nilitaka msalaba tu. Najisikia vibaya sana.

Nimeuweka juu ya kitambaa cha buluu. Unapendeza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkutano wa chama, chumba cha nyuma cha baa. Sikuweza kungoja maonyesho. Nikautoa. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea vitu vikubwa, kwamba nimeupata kwa familia moja.

Kühnast akageuza, akanusa (hunusa kila kitu, hajawahi kueleza kwa nini), kisha akatoa sumaku mfukoni. Msalaba wa kweli kiini chake ni chuma, sumaku huukamata. Akausogeza. Kimya. Akausogeza tena. Sumaku haikushtuka!

"Eckhard, mzee wangu," akasema, "sumaku yangu haitaki hata kuusalimia huu." Watu wakacheka mpaka bia ikamwagika. Mmoja akashauri nimfunge nao paka shingoni.

Kwa hiyo ni feki. Nimemwambia Bi. Roswitha ukweli bila kujua! Njiani kuja nyumbani nilijaribu kufurahi kwamba mimi si mwongo. Nilifurahi mpaka nilipofika mlangoni kwake. Hapo nikakumbuka ule mstatili ukutani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kühnast amekuja nyumbani, mpole ajabu. Eti amelala vibaya, alinicheka mno. Akanionea huruma: yeye angechukua kile kichezeo cha watoto, awaonyeshe wanachama wapya jinsi feki inavyofanana, na mimi anipe badala yake beji ya wazima moto ya zamani, halisi, tena yenye mnyororo. Nikakubali kabla hajameza kahawa.

Nimempiga! Beji nzima kwa bati! Nimecheka peke yangu jikoni.

Nilifikiri kidogo kwamba ningeweza kumrudishia Bi. Roswitha ule msalaba, feki au si feki, ni wa babu yake. Lakini hilo lilinijia Kühnast akiwa ameshafika barabarani, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, 13 Oktoba

Keki ya tufaha. Hakuna krimu. Bi. Roswitha haongei sana. Nikasifu keki mara nyingi. Akasema hii ndiyo keki aliyoipenda babu, kisha akaonekana kujikasirikia kwa kumtaja. Kipande cha pili kilinikwama. Nikakimaliza kwa heshima.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote. Naandika kwa mpangilio, la sivyo sitaamini.

Maonyesho. Meza zimejaa. Vya vita vya pili vimebandikwa stika juu ya ile alama ya Wanazi iliyopigwa marufuku, sheria ni sheria. Beji yangu ya wazima moto mwishoni, karibu na choo. Na katikati, chini ya taa, peke yake kwenye mahameli ndani ya kabati la kioo: msalaba wa babu Alwin!

Kadi ya Kühnast ilieleza: halisi, wa baharia. Kiini cha shaba nyeupe, si chuma. Mabaharia waliagiza hivyo kwa masonara kwa sababu chuma huota kutu kwenye maji ya chumvi, na ndiyo maana sumaku haiukamati.

Baharia. Na mimi nimekula keki chini ya ile kofia ya ubaharia miaka sita!

Kühnast alijua tangu baa. Amemdanganya mtu kwamba mali yake ni feki ili aipate bure! Sijawahi kuona roho chafu kama hiyo.

Na nani amesimama mbele ya kadi? Bi. Roswitha, mkono mdomoni, analia. Analia kwa furaha! Ameutambua kwa mkwaruzo ulio kwenye ukingo wake. Akanishika mkono. Akasema nisijisikie vibaya, Bwana Eckhard, hata madaktari hukosea, kosa langu limemfundisha jinsi anavyompenda mzee wake. Jioni hii picha inarudi ukutani, na kesho nije, kuna keki ya plamu za mwisho.

Nilikuwa nimeokoka! Nilichotakiwa ni kunyamaza.

Kühnast akatokea na umati wake. Akawaambia kwa sauti wasimcheke Eckhard wetu, maskini, aliukalia msalaba halisi akadhani bati, si kila mtu amejaliwa jicho. Umati ukacheka. Damu ikanipanda. Nikapaza sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Jicho? Mimi nilijua ni halisi tangu siku ya kwanza! Nilijua kabla yako!"

"Ulijua?" Ni Bi. Roswitha. "Nimemtukana babu yangu wiki mbili, na wewe ulijua?"

Mkono wake ukatoka kwenye wangu.

Kühnast, mnafiki yule, akafungua kabati la kioo mbele ya wote, akainama, akamkabidhi msalaba bure. Watu wakapiga makofi. Ukaguzi mkuu wamempa tena.

Jumapili, 20 Oktoba

Saa ya keki. Sikualikwa. Harufu ya plamu imepanda mpaka kwangu. Nikasikia sauti ya mwanamume chini: Kühnast! Kiti changu, krimu yangu. Anasimuliwa kisa cha chumba cha injini, na Krismasi bado.

Namkosa. Si keki, yeye. Nilikuwa na mtu mmoja katika jengo hili aliyeamini kila nilichosema, nami nimemuuza kwa kicheko cha watu wa baa. Nimelia kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Lazima nilipe. Nimekaa, nimefikiri kwa moyo safi, na nimepata njia. Babu Alwin lazima alikuwa na beji ya ubaharia pia. Ninayo moja ya kisasa, ya bati, nzuri tu. Tangu adhuhuri nimeilaza kwenye siki na majani ya chai, na inaanza kuzeeka vizuri. Nitamwambia niliikuta chini ya kitambaa cha kile kiboksi. Atafurahi mno! Kühnast akileta sumaku yake, nitasema ya mabaharia haikamatwi.