Dawa Yetu ya Vyoo Inastahili Fuvu

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Kuainisha Kemikali Hatari,

Pole na kazi, na samahani kwa mwandiko, meza yangu ni pipa.

Mimi ndiye mkorogaji wa dawa ya kusafishia vyoo kwenye karakana ya shangazi yangu, ile yenye mlango wa bati nyuma ya stoo za mbao. Mwezi uliopita mkaguzi wako alichukua chupa yetu na chupa ya jirani tunayemwita Bwana Povu, akazipeleka maabara. Majibu yamerudi. Bwana Povu kapewa picha ya fuvu na neno HATARI. Sisi tumepewa alama ya mshangao na neno ONYO. Tangu hapo wateja wanatupita kama hawatuoni, na shangazi ameanza kusema bora afunge karakana akalee wajukuu. Karakana hiyo ndiyo iliyonilea mimi. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Fuvu linaeleweka. Mteja akiliona anajua humu ndani mna kazi. Alama ya mshangao inamwambia nini? Utadhani dawa yenyewe imeshtuka kujikuta chooni.

2. Kijitabu chenu nimekisoma chote, hata kurasa za nyuma ambazo mkaguzi alikiri hajazifikia. Mnasema daraja la kwanza ndiyo sumu kali kupita zote, na kadiri namba inavyopanda ukali unapungua. Sisi ni wa nne. Nikawa nawaambia wateja nne ni kubwa kuliko moja, wachache wakaanza kukubali. Bwana Povu akapaza sauti toka mlangoni kwake: "Dogo, na shuleni ulikuwa ukishika namba ya nne unabebwa juu juu?" Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

3. Mnapima sumu kwa kiasi kinachoua nusu ya panya. Nusu! Hiyo nusu nyingine mnamwachia nani? Huku kwetu fundi akizibua nusu ya bomba anaitwa tapeli. Ninyi mnatoka sare na panya halafu mnaandika ripoti.

4. Chupa ya Bwana Povu imeandikwa: "Hudhuru viungo lengwa: ini na figo." Yetu haina kiungo lengwa hata kimoja. Yaani miaka yote hii tumekuwa tunakoroga tu, hatujui tunaelekea wapi. Ndugu Mkuu, hata bandama mngetupa, tusiaibike hivi.

5. Yake ina "madhara sugu". Yetu inaleta "muwasho wa muda mfupi". Sasa nani anatoa hela yake kununua kitu cha muda mfupi?

Naomba basi upimaji urudiwe, na safari hii mchague panya wenye afya ya kawaida, maana nasikia wa kwenu wanalishwa vizuri mno. Ikishindikana, tupeni fuvu dogo, hata bila ile mifupa miwili ya chini. Ikishindikana kabisa, Bwana Povu ashushwe. Niko tayari kuja kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi yako mpaka unione, na nitakuja na chupa.

Nisalimie mkaguzi, karani wa mapokezi, watu wote wa maabara, na ile nusu ya panya waliobaki.

Ni mimi, ninayengoja kuogopwa,
Mkorogaji wa mlango wa bati

Nyongeza: Bahasha ilikuwa tayari mkononi, akaingia mama mmoja na mtoto anayeanza kutambaa. Katokea kwa Bwana Povu. Anasema aliliona fuvu, akamwangalia huyu anayetia kila kitu mdomoni, akageuza. "Nipeni hiyo yenu ya onyo, mbili, na dada yangu naye atapita jioni." Shangazi akamfungia chupa mwenyewe kwenye gazeti, taratibu, kama anafunga mayai. Kisha akaniuliza barua ni ya nini. Nikamsomea. Akaitazama mikono yangu, hii ninayokorogea bila glavu, akauliza: "Hilo ini na hizo figo unazowaomba wazilenge, mwanangu, ni za nani?" Anasema lile daraja la tano la mwisho kwenye kijitabu, hafifu kupita yote, kama bado lina nafasi, tunaliomba sisi.