Hamamu Isiyoogewa

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya vizazi vijavyo, Kamati ya Matumizi Mapya ya Majengo ya Kale ilitangaza kwamba hamamu ya mtaa wa Derb Nakhla, Marrakesh, imeokolewa. Ilikuwa katika hatari ya kutisha: watu walikuwa wakioga humo.

"Maji yanachosha kuta," Mkurugenzi Si Abdelhafid, yaani Bwana Abdelhafid kwa wenyeji, aliwaeleza wakazi. "Kuanzia leo hii ni Nyumba ya Urithi wa Kuoga. Shughuli zote za jadi zitaendelea, isipokuwa kuoga."

Lalla Tamou, bibi aliyesugua migongo ya watu humo tangu ujana wake, aliinua mkono. "Na mjukuu wangu Ghizlane anayeolewa Jumamosi, akaogeshwe wapi?"

"Swali zuri, Lalla. Limepokelewa."

Lilipokelewa kweli, maana halikuonekana tena.

"Maharusi wote wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu," bibi alisema. "Sasa ni zamu ya damu yangu, wewe unanifungia mlango?"

"Kukufungia? Tumekuenzi!" Si Abdelhafid akampeleka chumba cha joto, ambacho sasa kilikuwa baridi kama kisima. Palikuwa na sanamu ya nta, mwanamke ameshika bakuli la maji.

Lalla Tamou akaizunguka. "Ndiye mimi huyu? Mbona mmeninenepesha hivi?"

"Ni unene wa kiutamaduni."

Si Abdelhafid hakuwa mtu wa kulipua kazi. Siku ya ufunguzi, iliyoangukia mkesha wa harusi ya Ghizlane, alibaini kwamba jengo halina harufu ya zamani. Akamwita Ba Allal, mzee wa tanuri lililochemsha maji ya hamamu kutoka nyuma ya ukuta, akamwagiza awashe moto na afukie majivuni mitungi ya nyama, kama watu wa Marrakesh wanavyoipika siku zote, ili Mheshimiwa Waziri, mgeni rasmi, ale urithi akiunusa.

"Niwashe moto na mtu asioge?"

"Uwe moto wa maonyesho tu, Ba Allal."

"Huo mimi siujui, Bwana Mkurugenzi. Ninaoujua unachoma."

Kilibaki kibao cha shaba juu ya mlango, ambacho Waziri angekizindua. Si Abdelhafid akaagiza kifunikwe kwa kitambaa cha heshima, kikubwa, kikateremka hadi kizingitini. Kilipendeza sana. Ila yeye alikulia mji mpya, kwenye bafu la vigae. Hapa Derb Nakhla, kitambaa mlangoni mwa hamamu kina maana moja tu: wanawake wamo ndani, wanaume wapite mbali.

Mkurugenzi alipokwenda barabara kuu kumpokea mgeni, Lalla Tamou aliuona moshi. Akakiona kitambaa.

"Jamani, wametufungulia!"

Wanawake wakamiminika na ndoo, sabuni nyeusi na mishumaa, Ghizlane katikati yao akicheka na kulia kwa pamoja.

Waziri alifika na wapiga picha. Aliposikia vigelegele, akageuza uso ukutani.

"Si Abdelhafid, kuna wanawake ndani."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Hilo ni pazia la uzinduzi. Livute tu."

"Nilivute mimi? Mbele ya kamera?" Waziri alirudi nyuma. "Mama yangu bado yu hai, bwana!"

Si Abdelhafid akanyoosha mkono mwenyewe.

"Thubutu!" Sauti ya Lalla Tamou ilitoka ndani. "Ni mwanamume gani huyo anayechezea pazia? Nikitoka na ndoo ya moto utanitambua!"

Mkono ukarudi mfukoni. "Lalla, mwogope Mungu, kuna sanamu humo!"

"Ilikuwepo! Imeyeyuka. Sasa imekonda, mwanangu, imependeza!"

Msafara ukazunguka nyuma, tanurini, ukaketi juu ya magunia ya maranda. Ba Allal akafukua mitungi. Waziri alikula hadi akalamba vidole, huku nyimbo za harusi zikipenya ukutani, kisha akasimama.

"Nimeambiwa jengo hili lilikuwa tupu, baridi, lina sanamu," alisema. "Leo lina joto na watu. Haya ndiyo matumizi mapya! Nani alibuni wazo la kuligeuza hamamu?"

Macho yote yakamwelekea Si Abdelhafid. Kukana kungekuwa kumkosoa Waziri, na Kamati haikuwa na utaratibu wa jambo hilo.

"Mimi, Mheshimiwa."

"Hongera. Basi lilinde mwenyewe. Ofisi yako ihamie hapa hapa, uhakikishe moto hauzimiki."

Makofi yakapigwa, magari yakaondoka. Ba Allal akamkabidhi sepetu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Karibu ofisini."

Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili. "Allal! Maji yanapoa! Bibi harusi hajasuuzwa!"

Si Abdelhafid akatazama kulia na kushoto, akitafuta wa kumwagiza. Ba Allal alikuwa ameshaketi, anapangusa mtungi kwa mkate.

Mkurugenzi akavua koti, akainama, akachochea.