Fuwele Moja ya Daktari Ikhlas

Jumapili, 3 Machi
Nina bahati mpaka najionea wivu! Matone tisini na sita kwenye sahani, na moja tu limeota fuwele: la kwangu, lenye jina langu kando yake. Daktari Ikhlas kaisaka miaka mitatu. Ni fuwele ya kingamwili, kile kinachokikaba kirusi cha homa ya ngamia. Alhamisi tunaipiga eksirei, tuone kinakikabia wapi. Wasfi, fundi mwenzangu, anayahesabu upya matone yake. Nimeleta sinia ya kunafa, kitamutamu cha jibini na shira, maabara nzima imekula. Daktari kaonya mtu asiguse sahani. Hasa wewe, Mutaz, kasema.

Jumatatu, 4 Machi
Nimegusa. Kidogo! Ufunguo wa kabati la baridi Wasfi aliuacha mezani. Mama huko Irbid alitaka picha awaonyeshe mashangazi. Kifuniko cha plastiki kilikuwa na ukungu, nikakibandua. Sasa hakinati. Nimekigandamiza kwa kidole gumba na Bismillahi.

Jumanne, 5 Machi
Tone limekauka! Fuwele imepasuka kama ganda la yai. Nikifukuzwa hapa, nani atanichukua? Wasfi kaniuliza, Mutaz, jasho lote hilo kwenye chumba cha baridi, una mimba? Nimecheka.

Jumatano, 6 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Ukingoni mwa tone lilelile imeota fuwele mpya, kubwa, inang'aa kama pete ya uchumba. Nimeichomoa mwenyewe kwa kitanzi cha uzi, nikaizamisha kwenye naitrojeni ya kugandisha. Nilipoigusa kwa sindano ililia tik! Imara hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Ni fuwele ya chumvi! Kwenye picha ya eksirei kingamwili hutoa vidoti mamia, kama chujio la chai. Yangu imetoa vinne, vinene. Daktari alikikagua kifuniko, akaona kimebanduliwa, akavua miwani. Kisha akamgeukia Wasfi, maana wiki hii ufunguo wa kabati ulikuwa kwake, akamwambia akabidhi kadi ya mlango. Wasfi ana watoto wanne! Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikasema ni mimi, na Mama, na mashangazi. Daktari akajibu kwamba mashangazi hana uwezo wa kuwafukuza. Kingamwili kilichobaki kinatosha sahani moja tu. Ya mwisho. Wasfi ndiye atakayedondosha matone. Mimi nioshe chupa, na kabati la baridi nilitazame kwa mbali, kama mwezi. Nikilisogelea, nisirudi tena.

Jumapili, 10 Machi
Sahani ya mwisho imo kabatini. Wasfi kanikumbatia mbele ya watu, kaniita mwanamume wa kweli. Nilitamani ardhi inimeze.
Nimechungulia. Mara mbili tu! Nimeinua kona moja ya kifuniko. Tone moja lina kitu! Nimempigia Mama awaandae mashangazi.
Ile bahati ya Jumapili iliyopita ni uongo. Tone lililoota lilikuwa la Wasfi. Nilifuta jina lake, nikaandika langu.