Tulivyomtungia Kijana wa Marekani Babu Yake

Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita na lilikuja likiwa limefunga mandazi, lakini Khaemba hajali habari imechacha au la. Alimaliza mandazi, akakunjua karatasi, akaipangusa mafuta kwa mkono wa shati, akasoma kwa ile sauti yake ya spika wa bunge.

"Walimu ng'ambo walia. Wanasema insha za wanafunzi wao zinaandikwa na Wakenya."

Benchi letu liko Lindi, mtaa wetu wa mabanda, mbele ya kibanda cha chai cha Mbula, ambaye sote tunamwita Mama Kasiva. Pembeni mwa benchi ndipo ninaposhona viatu. Shule niliiacha darasa la sita, na hapa jina langu ni Sita. Sijawahi kulalamika, kuna watu wameitwa mabaya zaidi. Khaemba ni mwashi, na tunamwita Hansard, kama ile kumbukumbu ya bunge, kwa sababu anakumbuka kila neno ulilowahi kusema hapa, hasa lile ungependa lisahaulike. Wa tatu siku hiyo alikuwa Kavoi seremala. Yeye ni Rula, maana hakubali kitu ambacho hakijapimwa.

"Huo ni wizi," Kavoi akasema.

"Wizi wa nini? Nani ameibiwa?"

"Mwalimu. Anapea maksi mtoto ambaye hakufanya kitu."

"Rula, si ulimtengenezea jirani yetu Isaac kitanda juzi. Kile kitanda ni cha Isaac ama ni chako?"

"Ni cha Isaac. Amenunua."

"Basi na insha ni kitanda."

Kavoi alifikiria. "Lakini Isaac haendi akiambia watu amekitengeneza na mikono yake."

"Alimwambia bibi yake hivyo," Mama Kasiva akasema bila kugeuka. "Bibi yake ndiye aliniambia."

Kabla Kavoi hajapata jibu, Elvis alitokea kwenye kichochoro akiwa amekumbatia kompyuta ndani ya mfuko wa unga. Huyo ndiye Profesa. Alisoma hadi chuo mwaka mmoja, karo ikamkatalia, na sasa ndiye yule gazeti linamzungumzia. Anaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao, kwa akaunti ambayo si yake. Mwenye akaunti ni Kimotho wa Kawangware, anayemkodishia.

"Mama Kasiva, stima iko?"

"Iko. Chomeka hapo kwa redio."

"Profesa, uko kwa gazeti," Khaemba akamwambia. "Wamekosa picha yako tu."

"Mzae, leo niache. Nimebakisha masaa mbili." Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. "Kazi ya mwisho niliachia roboti ya kompyuta iandike. Mwalimu akashika. Mteja akanipea nyota moja kwa tano. Kimotho amesema nikipata ingine moja, akaunti inafungwa na tusijuane."

"Na ikifungwa?"

"Nakuja mjengo kubeba zege na wewe."

"Karibu. Karai yako nimekuwekea."

Elvis hakucheka. Wiki tatu alizowahi kubeba zege zilimwachia mgongo wa mzee, na Khaemba alijua.

"Kazi yenyewe ni nini?" nikauliza.

"Historia. Si ile ya kila mtu, ni ile ya wale wenye vichwa, maksi yake inahesabiwa mpaka chuo kikuu. Mwanafunzi anafanya utafiti. Anakaa chini na mzee wa familia yao, anamuuliza vile kiwanda kilifungwa na maisha yakabadilika. Halafu anaandika insha, na hoja, na ushahidi."

"Na mzee mwenyewe alisema nini?"

"Hakuna kitu amesema. Kijana hajamuuliza."

"Alikufa?" Kavoi akauliza.

"Ako hai. Anaitwa Walter, miaka sabini na nane. Wanaishi nyumba moja. Babu ako chumba cha chini."

Mama Kasiva aligeuka na upawa mkononi, chai ikidondoka.

"Babu ako chumba cha chini, na mtoto amekuja kuuliza Lindi?"

"Anasema babu haongei. Tangu bibi yake akufe ni kuangalia mpira na kusema 'mm'."

"Mpira gani?" Khaemba akauliza.

"Ule wao wa kushika na mikono."

"Basi usimlaumu."

Elvis alifungua kompyuta. Alichojua juu ya Walter kilijaa mstari mmoja: alifanya kazi kwa kiwanda cha viatu, kiwanda kikafungwa miaka arobaini iliyopita. Yaliyobaki yote tungeyatafuta wenyewe.

"Viatu?" nikasema, nikaweka sindano chini. "Andika basi. Mtu aliyevuta uzi wa viatu miaka ishirini, asubuhi kidole gumba hakikunjiki. Kifungo cha shati anafungiwa na mtoto." Nikamwonyesha changu. Elvis aliandika haraka bila kubisha, na nikaona wenzangu wamepata wivu.

"Siku ya kufungwa," Khaemba akaingia, "walifanya mkutano kwa geti. Wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina hakuonekana tena."

"Unajuaje?"

"Profesa, mimi nimefutwa na kampuni nne. Nne zote zilikuwa na mweka hazina."

Elvis akaandika.

"Aliporudi ocha, kwao kijijini, shamba alikuta liko aje?" Kavoi akauliza.

"Rula, Mmarekani hana ocha. Nyumbani kwao ni hapo hapo anakaa."

"Kila mtu ana ocha. Kwani huyo atazikwa wapi?"

"Kwa makaburi ya mji."

"Kando ya watu asiowajua?"

"Kando ya watu asiowajua."

Kavoi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Andika alirudi ocha. Usiaibishe mzee wa watu."

Basi Walter akarudi kwenye shamba la baba yake. Kavoi akampa mbuzi kumi na wanne, kwa kuwa historia bila namba ni porojo. Khaemba akamletea shemeji aliyekula hela zote za kufutwa kazi, akiahidi kununua mashine ya kusaga mahindi. Elvis akauliza shemeji huyo ametoka wapi. Khaemba akamwambia shemeji hatoki mahali, hukaa tu akingoja wewe ufutwe. Kila Jumapili, kwa amri ya Khaemba, Walter akachinja kuku na pasta akala mguu. Ndipo Kavoi akaamua kwamba jioni mzee alikuwa anachonga twiga wa mbao na kuwauza.

"Sasa umemfanya Mkamba mchonga vinyago kama wewe," Khaemba akalalamika.

"Wewe na kuku wenu ulimfanya Mluhya kwanza. Mimi narudisha usawa."

"Twiga Marekani alimwona wapi?"

"Na pasta wa kula mguu wa kuku Marekani wewe ulimwona wapi?"

"Wazae, imebaki dakika arobaini na sina hoja," Elvis akasema. "Mwalimu ana karatasi ya maksi. Ushahidi tunao mpaka umezidi. Lakini bila hoja ni sifuri, na kuna maksi ya kuonyesha mambo yana pande mbili. Hii yote ni mzee anaumia tu. Upande wa pili uko wapi?"

Upande wa pili wa kufutwa kazi hakuna aliyewahi kuuona.

"Mmekaa hapo lisaa limoja," Mama Kasiva akasema, "na hakuna mtu ameuliza bibi ya Walter alikuwa wapi."

"Alikuwa anamfariji," Khaemba akasema.

"Alikuwa anakanda unga. Hakuna kiwanda kimewahi kufungwa, mwanamke asiamke siku ya pili kuuza kitu. Profesa, andika hivi. Kiwanda kilipofungwa wanaume walikaa kwa benchi wakiongea vile kilifungwa, na wanawake wakashika boma. Watoto walisoma na mandazi ya mama. Kwa hivyo kwa wanaume hiyo ilikuwa mwisho, kwa wanawake ilikuwa mwanzo. Hizo si pande mbili?"

Mimi nilitazama kiatu nilichokuwa nimeshika, Kavoi akatazama gazeti ambalo hata hawezi kulisoma bila miwani. Khaemba, ambaye kwa maisha yake hajawahi kukosa neno, aliomba aongezewe chai.

"Hiyo ndiyo hoja," Elvis akasema polepole, kisha vidole vyake vikaanza kukimbia.

Dakika tano kabla ya saa kumi alibonyeza, insha ikaenda. Tulipeana mikono kama watu waliomaliza kupiga slabu ya ghorofa. Elvis akaagiza chai yake ya kwanza, akawa anapitia maagizo ya mwalimu kwa raha tu, ya mtu aliyemaliza. Kikombe kikasimama njiani.

"Kuna mstari chini sikuwa nimefika," akasema.

"Usome."

"Mzee aliyehojiwa lazima asome insha yote, aandike ukurasa wa mwisho kama ni kweli, na aweke sahihi, kabla ipelekwe Jumatatu."

Kavoi alijikuna kidevu. "Walter mwenyewe?"

"Walter mwenyewe."

"Mbuzi wote kumi na nne?"

"Wote."

"Hiyo karai," Khaemba akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania, "usijali, nitakutafutia ile nyepesi."

Ijumaa Elvis hakuonekana. Jumamosi alipita mbali akiwa amevaa buti za mjengo za kuazima, akizipima kama zitamtosha. Kijana wa Marekani alikuwa ameandika ujumbe mmoja tu, "Babu anaisoma," kisha kimya. Jumapili Mama Kasiva alisema amemwombea kanisani. Khaemba akauliza kama alimweleza Mungu kile Elvis amedanganya. Mama Kasiva akasema Mungu hahitaji maelezo yote.

Jumatano Elvis alikuja mbio na kompyuta bila hata mfuko. Hakukaa. Aliiweka juu ya sanduku langu la kiwi ya viatu akasoma akitafsiri, na sisi tukainuka tukamzunguka.

"Kijana anasema: babu alisoma ukurasa wa kwanza akasema 'mm'. Wa pili akatafuta miwani. Wa tatu akapiga meza mpaka mbwa akatoka nje."

"Uuwi," Mama Kasiva akasema chini chini.

"Akasema hajawahi kumiliki mbuzi hata mmoja. Akasema shemeji yake ni mtu wa heshima na ako hai, akampigia simu hapo hapo, wakaongea lisaa, na hawakuwa wameongea tangu mazishi. Halafu akauliza ni mjinga gani ameambia mwalimu kuwa bibi yake alikuwa anauza mandazi kwa geti."

Mama Kasiva akaweka mikono kiunoni. "Alikuwa anauza nini basi?"

"Alikuwa hauzi. Alijifunza kuendesha basi la shule. Aliliendesha miaka kumi na moja, na hiyo miaka yote Walter ndiye alikuwa anabaki akisuka wasichana wao nywele. Hakuwahi kuambia mtu. Aliogopa kuchekwa."

"Anasuka nywele," Kavoi akarudia. "Mwanaume wa kiwanda."

"Funga mdomo, Rula," Mama Kasiva akamwambia. "Endelea, Elvi."

"Alianza kuongea Ijumaa jioni kwa hasira, akisahihisha. Jumamosi alikuwa bado. Kijana ilibidi ashike kalamu, kwa sababu babu kila mara alikuwa anamwambia, andika hiyo, andika vizuri, usiniletee mbuzi tena. Insha yetu yote ilitupwa. Kijana ameandika mpya mwenyewe, kurasa kumi na mbili, babu ameweka sahihi kila ukurasa."

"Na mwalimu?"

"Amempa maksi zote."

Tulikaa. Nilitaka kufurahi lakini niliona Elvis bado amesimama, mkono kwenye kompyuta, hajafika mahali pa kubofya.

"Na nyota?" nikamuuliza.

"Sijafungua. Nimeogopa kufungua nikiwa peke yangu."

"Fungua," Khaemba akasema. "Maiti haogopi kaburi."

Akabofya. Akasoma bila sauti, midomo ikitembea. Kisha akakaa kwenye benchi kwa uzito kama gunia lililoangushwa.

"Nyota tano," akasema. "Ameandika: 'Hakuna neno moja la kweli. Kazi safi sana.'"

Khaemba alimgeukia Kavoi. "Rula, ulisema huo ni wizi."

"Sikusema," Kavoi akajibu.

"Ulisema. Alhamisi, saa nane na dakika chache, ukiwa umekaa hapo."

Elvis hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anasogeza ukurasa chini na macho yanamtoka. "Kuna kazi mpya nne. Wateja wote ni wa darasa lile lile. Wanataka historia za uongo za wazee wao, na mmoja ameandika herufi kubwa: ziwe za kuudhi."

"Ati waudhiwe makusudi?" Kavoi akauliza.

"Ndio wakasirike waongee. Huyu wa kwanza ni nyanya. Hajaongea na familia miaka tisa. Wamejaribu pasta, wamejaribu daktari."

Khaemba alikohoa akaweka sauti sawa, na Kavoi tayari alikuwa anahesabu mbuzi kwa vidole. Lakini Mama Kasiva alikwishatoa sufuria ya chai motoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya wateja wakiwa wamekaa. Alijifuta mikono kwa leso, akamsukuma Khaemba kando kwa nyonga, akajikalia katikati ya benchi letu.

"Nyinyi nendeni mkatafute kazi," akatuambia. "Elvi, andika. Mama mkwe wa huyo nyanya alikuwa anaitwa nani?"